Picha Ilikuwa Nzuri

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Mapinga kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimeona niutumie muda huo. Kesho asubuhi utapanda gari la Msata, na hapo Msata utapata basi la Moshi. Kwa jinsi maji yanavyojaa miguuni mwangu wiki hizi, sidhani kama utanikuta utakaporudi likizo. Sisemi hivyo ili uahirishe safari. Nimekuwa tabibu maisha yangu yote na najua moyo uliochoka unavyokwenda.

Habari za sweta, za kufunga mlango na za kula kwa wakati mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena ukiwa umeshavaa viatu. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu macho ya mama yako, na linahusu pia kazi unayokwenda kuisomea. Nimelikalia miaka ishirini. Mkono wangu unatetemeka, kwa hiyo ninaandika polepole na kupumzika kila baada ya mistari michache. Usidhani kila mahali mwandiko ulipobadilika nilikuwa nalia.

Nilipoanza kazi ya macho, ukitaka kuiona vizuri mishipa ya damu ya nyuma ya jicho, ilikubidi umchome mgonjwa sindano ya dawa ya njano mkononi. Dawa inasafiri na damu mpaka kwenye retina, lile pazia jembamba la ndani linalopokea mwanga, nawe unapiga picha harakaharaka wakati mishipa inawaka. Palipokuwa panavuja palionekana kama wino uliodondoka kwenye karatasi yenye maji. Mgonjwa alirudi nyumbani na ngozi ya manjano, wengine walitapika njiani, na wengi wakishasikia neno sindano hawakuonekana tena.

Mashine unayokwenda kuisomea haichomi mtu wala haimgusi. Zile karatasi ulizoziacha mezani nimezisoma mara mbili kwa lenzi ya mkono. Nimeelewa kwamba inapeleka mwanga ndani ya jicho, inarudia palepale mara nyingi, halafu inalinganisha. Kilichobadilika kati ya mara moja na nyingine ni damu inayotembea, na kutokana na mwendo huo inachora mishipa tabaka kwa tabaka. Nimestaajabu, sikufichi. Kuna sentensi moja niliyoipigia mstari kwa penseli, usinilaumu: kwamba mashine hiyo inaonyesha damu inapopita, lakini inapovuja haionyeshi. Nilipoisoma nilifunga karatasi nikaiweka kando.

Kati ya dawa ya njano na mashine yako ilikuwepo kamera yetu. Utaikumbuka, maana ulikuwa unakuja kunisubiri pale kliniki baada ya shule. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kishikizo, anatazama kitaa cha kijani, mwanga unamulika mara moja, basi. Haina sindano. Pazia jeusi la chumba kile alilishona mama yako kwa kitambaa cha baibui kilichobaki, na alijivunia kwamba haliruhusu hata uzi wa jua.

Wiki ya kwanza tuliwatangazia watu wenye sukari waje kupigwa picha ya mishipa. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua wazee wa pwani wanavyolisikia neno hilo. Mwanamume akiambiwa habari ya mshipa, fikra zake haziendi kichwani. Akaja mzee mmoja wa Dunda na mkewe.

"Mnapiga picha mishipa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Mishipa ya nyuma."

"Nyuma wapi?"

Mkewe akamshika kanzu. "Kaa, bwana. Daktari hataki kuuona huo wako. Huo mtaa mzima tunaujua."

Chumba kizima kilicheka. Mzee akachukua kofia yake akatoka, na hatukumwona tena. Bi Tatu, muuguzi niliyekuwa nikifanya naye kazi, akasema tubadilishe maneno. Tukaacha kusema mishipa, tukasema picha ya jicho. Baadaye tukaacha kusema kuvuja. Baadaye tena tukaacha kusema upofu, tukawa tunasema macho kupungua nguvu. Tulikuwa watu wa adabu sana mle ndani. Wagonjwa waliongezeka na mimi nikaona tumefanya jambo la busara.

Neno lililobaki ni nzuri. Picha ikiharibika kwa sababu ya kope au mtu kupepesa, nilimwambia Bi Tatu, "Mbaya, turudie." Ikitoka safi nilisema, "Nzuri," naye akaandika kwenye daftari. Tulikuwa tukizungumzia picha. Hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba tunazungumzia picha. Na nzuri ya kwetu unaijua. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu nzuri, kisha anasema ila jana tumezika. Ni neno la kufungulia mazungumzo, na mara nyingi ni la kuyafungia.

Mama yako alikuwa na sukari kwa miaka sita wakati huo, na kila nilipomwambia aje apigwe picha alisema macho yake anayajua mwenyewe. Mwisho alikuja, Alhamisi moja, baada ya Bi Tatu kumfuata nyumbani. Wewe ulikuwa na miaka kumi.

"Usipepese," nilimwambia alipoweka kidevu.

"Wewe ndiye unayenipepesha. Toa uso wako hapo."

Bi Tatu akacheka. Jicho la kulia lilichukua mara tatu. Jicho la kushoto lilitoka mara moja, na katika miezi yote ya kamera ile sikuwa nimeona picha safi kama hiyo. Kila kijitawi kilionekana mpaka ncha yake. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, nikifurahia ukali wa picha kama mtu anavyofurahia mwandiko bila kusoma maneno.

"Habari za jicho langu, daktari?" aliuliza kwa utani, maana nyumbani hakuwahi kuniita daktari.

"Nzuri. Nzuri sana."

"Alhamdulillahi," akasema. Akashukuru, akatengeneza mtandio wake, akaenda sokoni.

Baada ya alasiri nilikaa peke yangu kuzisoma picha za siku ile moja moja. Mishipa ya retina iliyo mizima huanzia mahali pamoja, inapotokea neva ya jicho, na hugawanyika kwa utaratibu kila mmoja ukielekea kwake. Katika jicho la kushoto la mama yako, palepale penye neva, ilikuwa imeota mishipa mingine mipya, myembamba, iliyojisokota bila kuelekea popote. Umemwona mama yako akisuka ukili wa mkeka, na umeona ukili wa mtoto anayejifunza. Ilikuwa kama ule wa mtoto. Mishipa ya namna hiyo haina nguvu na hupasuka. Dawa yake wakati ule ilikuwa leza, mwanga mkali wa kuizuia mishipa hiyo, nayo ilikuwa Dar es Salaam na haikuwa ya kungoja. Haya yote niliyajua. Niliyaandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Aliyepaswa kuambiwa alikuwa akinisubiri nyumbani na chakula.

Nilipofika alikuwa barazani na majirani watatu.

"Macho yangu mazuri," alikuwa akiwaambia. "Daktari mwenyewe kasema."

"Huyo daktari wako atakwambia mabaya?" mmoja akasema. "Atalala wapi?"

Wakacheka. Nikawasalimu, nikapita ndani.

Alikuwa anajiandaa kwenda Pangani kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Nikajiambia nitamweleza akirudi, ni wiki tatu tu. Kumweleza siku ile kungenilazimu kuzirudisha zile "nzuri" zangu mbili, na wale waliokuwa wanacheka barazani wangelijua hilo kabla ya isha. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta sababu ya pili miaka yote hii, yenye heshima kidogo, sijaipata.

Wiki tatu zikawa miezi miwili, kwa kuwa dada yake aliugua. Nilikuwa nampigia simu. Nilimuuliza, "Habari za macho?" Akajibu, "Nzuri." Nikakata simu nikiwa nimepata nafuu, kana kwamba yeye ndiye tabibu.

Asubuhi moja kule Pangani aliona masizi yakidondoka mbele ya uso wake, akawa anayafuta kwa mkono. Kufika adhuhuri jicho la kushoto lilikuwa linaona wekundu mtupu. Walipomleta, damu ilikuwa imejaa ndani na leza haikuweza kupita. Upasuaji wa kuisafisha damu hiyo haukuwa karibu nasi wakati ule. Jicho la kulia lilitibiwa kwa kuchelewa, likavumilia mwaka mmoja, kisha nalo likazima.

Mpaka hapa ni kosa la mtu mwoga. Kinachofuata ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Siku alipoletwa nyumbani, mjomba wako aliniuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, si wewe ndiye wa macho? Hukumpima?"

Nikasema, "Nilimpima. Nilimwambia. Akaenda harusini."

Ya kwanza ilikuwa kweli, na ya tatu ilikuwa kweli. Ile ya katikati niliipitisha katikati yao kama mtu asiye na tiketi.

Mama yako alikuwa amekaa kitandani, macho yote mawili yamefungwa bandeji ili yapumzike. Akageuza uso kufuata sauti yangu. "Uliniambia?"

"Nilikwambia, Mama Zuhura. Mawazo yako yalikuwa safarini."

Aliigusa bandeji kwa vidole. Kisha akasema, "Basi sikusikia."

Kwa hiyo sasa unajua ile tabia yake ilikoanzia. Wewe umekua ukiiona, kwamba mama ukimwambia kitu anasema, "Rudia, mimi sisikii vizuri," nasi humu ndani kila jambo tunamwambia mara mbili bila kusubiri aulize. Wageni wanadhani sukari imemla na masikio. Masikio yake nilimpeleka yakapimwa, ni mazima. Alichagua kuniamini mimi kuliko masikio yake, na tangu siku ile hajayaamini tena.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne alikanyaga beseni la sare zako za shule, ukamwambia, "Ungesikia ulipoambiwa, leo ungekuwa unaona." Nilikuwa mezani nasoma gazeti. Nilikukemea kwa jinsi ulivyompandishia mama yako sauti. Mama yako akasema, "Mwache. Kasema kweli." Nikageuza ukurasa. Kama kuna siku moja ningeruhusiwa kuirudia, nisingechagua ile Alhamisi ya picha. Ningechagua hiyo.

Najua ulijuta baadaye, kwa sababu tangu hapo umemwogesha, umempikia na umemsomea kuliko watoto wengi. Lakini najua pia uliendelea kuamini kwamba aliyapoteza macho yake kwa ajili ya ngoma. Nimekuona ukimtazama kila linapotajwa jina la Pangani. Hukuwa na makosa. Uliamini ulichoambiwa na baba yako.

Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa la aina gani, maana mtu mzee ana muda. "Nzuri" ya kwanza ilichukua sekunde mbili, na ningeweza kusamehewa. Kunyamaza kulichukua jioni moja. Uongo ulichukua sentensi tatu. Lakini kila moja ilikuwa na kazi ya kuilinda ile iliyotangulia, na ya mwisho imefanya kazi kila siku tangu hapo, hata nikiwa nimelala.

Kazini nilibadilika. Kwa miaka iliyobaki kabla sijastaafu, hakuna mgonjwa aliyetoka kwenye pazia lile jeusi bila mimi kumuuliza, "Nimekwambia nini?" Ilibidi anirudishie kwa maneno yake. Wengine walichukia, wakasema daktari huyu anatuhoji kama mwalimu wa madrasa. Neno mishipa nililirudisha, wakicheka wacheke. Bi Tatu hakuniuliza kwa nini, na nadhani alijua. Nimewauliza watu wengi sana swali hilo. Mmoja tu sikumuuliza.

Hiyo mashine yako itakupa picha za kupendeza kuliko zangu, zenye rangi, zinazogeuka huku na huku. Utazipenda, na si dhambi. Mimi nilizipenda. Kumbuka tu kwamba aliyeweka kidevu hapo haoni unachokiona, na neno lolote litakalokutoka wakati huo atalibeba mpaka kwake na kuwasomea majirani.

Picha ile ninayo. Niliichapisha siku ileile, nikaitoa kwenye faili la kliniki baada ya yeye kurudi kutoka Pangani, na imekaa kwenye droo yangu chini ya vyeti. Hata hilo ulipaswa kulijua.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nikishakufa umsomee mama yako barua hii. Utaona mstari niliokata. Nilipoutazama niliona nafanya lilelile, nawasalimu watu wa barazani na kupita ndani. Tena ningekuwa nakupa wewe kazi ya kumfikishia, wewe uliyemwambia lile neno la beseni.

Yuko hapo nje anasuka. Namsikia akipasua miyaa ya ukili. Nitakwenda kumsomea mpaka hapa nilipofika. Karatasi ikiishia kwenye mstari huu, ujue nimeshindwa. Hapo itakubidi umsomee wewe kabla hujapanda gari, na uniache niitwe nitakavyoitwa.

Nimemsomea.

Ilichukua muda, kwa kuwa nilisimama mara mbili kutafuta pumzi. Alisuka mpaka nilipofika kwa majirani watatu, hapo mikono ikatulia, ila miyaa hakuiachia, aliibana kwa vidole ili ukili usifumuke. Nilisoma mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Tatu alikuwepo mle chumbani?"

"Alikuwepo."

"Naye alisikia nzuri?"

"Alisikia. Akaiandika."

Akatikisa kichwa. "Soma tena pale kaka yangu alipokuuliza."

Nikasoma.

"Na pale nilipokuuliza mimi."

Nikasoma na hapo. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilisoma mara moja tu.

"Kumbe nilisikia vizuri," akasema.

Hakulia. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, kwa sababu kumwomba wakati ule kungekuwa kumtaka anifanyie kazi nyingine. Aliomba picha. Nikaenda chumbani nikaileta, nikamwekea mapajani. Akaipapasa pembe zake zote.

"Upande wa juu ni upi?"

Nikamshika kidole nikakipeleka. Nikamwambia, hapa ndipo neva inapotokea. Huu ni mshipa mkubwa unaopanda, huu unaoshuka, hii yote ni yako ya asili na imekaa sawa. Na hapa, hapa penye ncha ya kidole chako, ndipo ilipokuwa imeota ile mipya. Alirudia kupapasa mahali hapo.

"Naona karatasi laini tu."

"Ni karatasi tu."

"Lakini ilitoka nzuri?"

"Picha ilitoka nzuri," nikasema. "Jicho lilikuwa baya. Ulipaswa kwenda Dar wiki ileile."

"Ningekwenda," akasema. "Harusi haikuwa yangu."

Sina cha kuongeza kwenye hilo, na usikitafute. Ameniambia nikupe barua, kisha nikuite ukae naye barazani, kwa kuwa ana maneno yake mwenyewe ya kukwambia kabla hujaondoka. Picha ameitia ndani ya bahasha hii yeye mwenyewe. Anasema uende nayo Moshi, wakakufundishe kuisoma.

Jua limeshuka na mkono umechoka. Sasa hivi nimemwambia, "Mama Zuhura, chai inapoa." Kwa mazoea nikafungua kinywa nirudie.

"Nimesikia," akasema.

Baba yako